Barabara ya Lami Imefika Kijijini

Zamani barabara ya kijiji chetu ilikuwa ya vumbi. Wakati wa masika ilikuwa tope. Gari likija, tulilisikia likinguruma mbali kabla ya kuliona. Kuku walipata nafasi ya kukimbia, na watoto pia. Lori lenyewe lilikwenda polepole kwa sababu mashimo hayakuliruhusu kwenda mbio.

Siku hizi tuna lami. Lami ni jambo jema. Mgonjwa anafika hospitali mapema. Nyanya zetu zinafika sokoni kabla ya kuoza. Wanunuzi wa mpunga wanakuja hadi mlangoni. Hakuna mtu katika kijiji chetu anayetaka kurudi kwenye vumbi.

Lakini magari nayo yameongeza mwendo. Barabara imebadilika, na sisi bado tunatembea kama tulivyotembea wakati wa vumbi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Somo hili linahusu hatari hiyo na namna ya kujikinga. Linamhusu mwenda kwa miguu, mwendesha baiskeli, mwendesha pikipiki na dereva wa gari.

Habari ya mzee mmoja wa darasa letu

Darasa letu la watu wazima hukutana saa kumi alasiri chini ya mwembe, karibu na ofisi ya kijiji. Mwanafunzi mmoja ni mzee wa miaka zaidi ya hamsini. Ni mkulima wa mpunga. Alikuwa mtu wa kwanza kufika darasani na wa mwisho kuondoka.

Jioni moja ya mwezi wa Novemba, mzee huyu alichelewa kuondoka. Alitaka kumaliza kuandika barua kwa mwanawe. Jua lilikuwa limekwisha kutua. Alipanda baiskeli yake akaelekea nyumbani. Baiskeli haikuwa na taa. Kile kioo chekundu cha nyuma kilikuwa kimevunjika siku nyingi. Yeye mwenyewe alivaa koti jeusi.

Alipofika kwenye njia ya kwake, alikata kulia kuvuka barabara. Lori lilikuwa linakuja. Likamgonga.

Tunamshukuru Mungu, mzee hakufa. Lakini mguu wake ulivunjika mahali pawili. Alikaa hospitali wiki nyingi. Aliuza mbuzi wake wote wanne. Msimu ule shamba lake halikulimwa, na watu wa nyumba yake walikula chakula cha kuomba kwa ndugu.

Siku aliporudi darasani alikuja na magongo. Tulimpokea kwa furaha. Akaketi, akanitazama, akasema:

"Mwalimu, umetufundisha kusoma vitabu. Mbona hukutufundisha kusoma barabara?"

Nikanyamaza. Kisha nikasema, "Umesema kweli, Mzee."

Mama mmoja akamwuliza, "Baba, kwani hukuliona lile lori?"

Mzee akajibu, "Nililiona. Taa zake niliziona vizuri kabisa. Na kwa kuwa mimi nililiona, nikadhani na dereva ameniona mimi."

Ndugu msomaji, lishike neno hilo. Kuona gari si sawa na kuonwa na dereva.

Kwa nini gari halisimami papo hapo?

Watu wengi hufikiri kwamba dereva akikanyaga breki, gari husimama hapo hapo. Si kweli. Tulilichunguza jambo hili darasani, nawe unaweza kulichunguza nyumbani.

Chukua fimbo fupi. Mtu mmoja aishike kwa juu. Mwingine aweke vidole vyake chini, karibu na fimbo bila kuigusa. Wa kwanza aiachie ghafla bila kusema. Wa pili aidake. Utaona kwamba fimbo huteremka kidogo kabla ya kudakwa. Kwa nini? Kwa sababu jicho huona kwanza, kisha akili huamua, kisha mkono hufanya kazi. Yote hayo huchukua muda.

Dereva naye ni hivyo hivyo. Anapomwona mtoto barabarani, hupita kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari linaendelea na mwendo wake ule ule.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 hivi kwa sekunde moja. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 hivi kwa sekunde moja.

Baada ya breki kukanyagwa, gari huendelea kwenda mbele kidogo kidogo mpaka lisimame. Tujumlishe sasa, kwa gari dogo lenye breki nzuri kwenye lami kavu:

Mwendo wa kilomita 50: mita 14 kabla ya breki, na mita 14 baada ya breki. Jumla mita 28. Hizo ni kama hatua 40 za mtu mzima.

Mwendo wa kilomita 80: mita 22 kabla ya breki, na mita 36 baada ya breki. Jumla mita 58. Hizo ni hatua zaidi ya 80.

Mwendo wa kilomita 100: mita 28 kabla ya breki, na mita 56 baada ya breki. Jumla mita 84. Hizo ni kama hatua 120. Huo ni karibu urefu wa uwanja wa mpira.

Lami ikiwa na maji, umbali huongezeka. Matairi yakiwa vipara, huongezeka zaidi. Lori lenye shehena nzito linahitaji umbali mkubwa kuliko gari dogo.

Sisi tulikwenda kwenye uwanja wa shule na kamba. Tukapima mita 28, tukasimika kijiti. Tukapima mita 58, tukasimika kijiti cha pili. Tukapima mita 84, tukasimika cha tatu. Yule mama aliyemwuliza mzee alitembea kutoka kijiti hata kijiti, akihesabu hatua. Alipofika cha tatu alisimama, akasema, "Kumbe siku zote nilikuwa navuka mbele ya kitu kisichoweza kusimama."

Sasa turudi kwa mzee. Taa za gari zikiteremshwa humulika karibu tu. Mtu aliyevaa nguo nyeusi huonekana akiwa mita chache mbele, mara nyingi chini ya mita 40. Lakini gari la kilomita 80 linahitaji mita 58 au zaidi ili lisimame. Kwa hiyo hata kama dereva ni mwema, na hata kama breki ni nzima, akimwona mtu kwa mita 40 amekwisha kuchelewa.

Je, dereva yule hakuwa na kosa? Alikuwa nalo. Katika maeneo wanayokaa watu, sheria ya Tanzania inaamuru mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Yeye alipita kijijini kama anapita porini. Lakini kosa lake haliuungi mguu wa mzee. Ndiyo maana kila mtu anayetumia barabara ana wajibu wake.

Wajibu wa mwenda kwa miguu

1. Ikiwa kuna njia ya miguu kando ya barabara, ifuate. Ikiwa hakuna, tembea upande wa kulia. Nchini kwetu magari hupita kushoto. Ukitembea kulia, gari lililo karibu nawe utakutana nalo uso kwa uso. Utaliona, na utapata nafasi ya kujitoa. Ukitembea kushoto, litakujia mgongoni.

2. Mkiwa wengi, tembeeni mmoja nyuma ya mwingine. Msitembee mkiwa mmejipanga kama ukuta, hasa mkitoka mnadani, msibani au ngomani.

3. Kabla ya kuvuka, simama ukingoni. Tazama kulia. Tazama kushoto. Tazama kulia tena. Tunaanza kulia kwa sababu gari la kwanza kutufikia hutoka kulia. Njia ikiwa nyeupe, vuka moja kwa moja. Usikimbie, usirudi nyuma katikati, usizungumze na simu.

4. Usivuke penye kona wala karibu na kilele cha mlima. Hapo wewe huoni gari na dereva hakuoni.

5. Usivuke mbele ya basi lililosimama, wala nyuma yake. Hapa wengi wameumia. Mtu ameshuka kwenye basi na mzigo wake, haraka yake ni kufika nyumbani. Anachomoka ghafla mbele ya basi. Gari linalolipita basi halimwoni hata kidogo. Subiri basi liondoke, kisha uvuke.

6. Penye kivuko chenye milia myeupe, vuka hapo. Sheria inamtaka dereva akupishe. Hata hivyo usiingie mpaka uone kwamba gari limesimama kweli.

7. Usiku vaa nguo nyeupe au khanga ya rangi nyepesi. Ukiwa na tochi, imulike chini mbele yako. Usimmulike dereva machoni.

8. Aliyekunywa pombe asiachwe aende peke yake barabarani. Mlevi anayelala kando ya lami kwa sababu ina joto anaweza asiamke.

Wako wanaotoka sehemu za mpakani. Hao wakumbuke kwamba Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, lakini Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Ukivuka mpaka pale Rusumo kuingia Rwanda, anza kutazama kushoto.

Watoto na mifugo

Mtoto mdogo si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Hawezi kupima mwendo wa gari. Akiliona mbali, hudhani liko mbali daima. Naye ni mfupi, hivyo nyasi na magari yaliyosimama humficha.

Mtoto mdogo asivuke peke yake. Mshike mkono, usimwache akushike wewe, kwa maana akiona mwenzake ng'ambo atakuponyoka. Usimwite mtoto aliye ng'ambo ya barabara. Akisikia sauti ya mama yake, atakimbia bila kutazama. Mfuate wewe.

Mifugo ivushwe mchana, mahali panapoonekana mbali. Mchungaji mmoja atangulie na mwingine afuate nyuma. Ng'ombe mmoja akigongwa usiku, hasara si ng'ombe tu. Waliomo garini nao wanaweza kufa.

Tena tusianike mpunga, mahindi wala mihogo kwenye lami. Lami hukausha haraka, ni kweli. Lakini dereva hulazimika kukwepa upande wa pili. Na anayegeuza mahindi ameinama, mgongo wake uko kwenye magari.

Wajibu wa mwendesha baiskeli

Baiskeli ni gari la mkulima. Nayo ina sheria kama magari mengine.

Endesha upande wa kushoto, karibu na ukingo, kama magari. Hapa watu wengi huchanganya. Mwenda kwa miguu hukaa kulia, lakini mwendesha baiskeli hukaa kushoto.

Kabla ya kukata kona, tazama nyuma, kisha nyoosha mkono upande unaokwenda. Ukitaka kukata kulia na gari linakuja nyuma, teremka kushoto, usimame, lipishe, halafu uvuke kwa miguu ukikokota baiskeli. Laiti mzee wetu angefanya hivyo, angechelewa nyumbani dakika moja tu.

Kagua baiskeli kila juma. Breki zinashika? Kengele inalia? Mnyororo umekaza? Usiku uwe na taa nyeupe mbele. Nyuma uwe na taa nyekundu au kioo chekundu kinachong'aa kikimulikwa. Kioo hicho ni kitu kidogo, na bei yake ni ndogo kuliko mbuzi mmoja, sembuse wanne.

Usifunge magunia ya mkaa mpaka yakazidi upana wa mikono yako. Mzigo mpana huguswa na gari linalopita, nawe unaanguka barabarani. Usishike lori kwa nyuma ili likuvute mlimani. Likifunga breki ghafla, hutapata pa kukimbilia.

Wajibu wa mwendesha bodaboda

Vijana wetu wengi wanapata riziki kwa pikipiki. Ni kazi ya halali na inatusaidia sana. Mama mjamzito usiku wa manane humwita nani? Humwita kijana wa bodaboda.

Lakini pikipiki haina bodi. Mwili wa aliyeipanda ndio bodi yake. Kwa hiyo dereva avae kofia ngumu, na abiria avae yake. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani hailindi kichwa. Kofia isiyofungwa chini ya kidevu huruka mtu anapoanguka, na kichwa hufika chini kikiwa kitupu. Mfupa wa mguu huunga. Ubongo ukiumia vibaya hauungi.

Abiria awe mmoja. Kupakia watu watatu au wanne, ambako vijana hukuita mishikaki, huifanya pikipiki iwe nzito nyuma na nyepesi mbele. Usukani hautii na breki hazitoshi. Mzazi anayempakia mtoto wake katika mishikaki ya kwenda shule, ajue kwamba anaokoa shilingi chache tu.

Kijana asianze kazi kabla ya kujifunza na kupata leseni. Na wewe abiria una mdomo. Mwambie, "Mwanangu, punguza mwendo." Asipokubali, teremka.

Wajibu wa dereva na abiria wake

Huenda msomaji wetu hana gari. Lakini hupanda basi, na huenda ana mtoto au ndugu aliye dereva.

Dereva apunguze mwendo anapoingia kijijini. Gari la abiria na lori zito haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata nje ya vijiji. Dereva asinywe pombe. Akichoka, apumzike, kwa kuwa usingizi hauna breki. Asilipite gari jingine kwenye kona au mlimani. Katika barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma kuna mlima wa Kitonga, mkoani Iringa. Barabara pale ina kona kali na bonde upande mmoja. Katika mteremko kama huo dereva hutia gia ndogo tangu juu. Akitegemea breki peke yake, breki hupata moto na kushindwa kushika.

Abiria afunge mkanda ikiwa gari lina mkanda. Gari linapogonga, gari husimama, lakini mwili wa abiria huendelea mbele kwa mwendo ule ule. Mkanda ndio unaomshika.

Dereva akikimbiza gari, abiria wasimsifu. Waseme kwa pamoja, kwa heshima: "Dereva, tunataka kufika." Asiposikia, wamwarifu askari wa usalama barabarani. Huko si kumchongea mtu. Ni kuokoa roho za watu.

Kusoma alama za barabarani

Sasa tunajua kusoma. Alama za barabarani nazo ni maandishi. Zisome kwa umbo lake.

Pembe tatu yenye ukingo mwekundu hutoa onyo. Ndani yake huwekwa picha ya jambo lililo mbele: kona, watoto, ng'ombe, au matuta.

Duara lenye ukingo mwekundu hukataza. Likiandikwa 50, maana yake ni kwamba usizidishe kilomita 50 kwa saa.

Duara la rangi ya buluu huamuru jambo la kufanywa.

Alama nyekundu yenye pande nane humtaka dereva asimame kabisa.

Alama hizi si chuma cha kuezekea banda wala cha kutengenezea jiko. Anayeng'oa kibao cha kona huenda amemwua mtu asiyemjua.

Ajali ikitokea

Kwanza, linda mahali. Wekeni matawi ya miti barabarani pande zote mbili, mbali na gari lililoanguka, ili magari mengine yapunguze mwendo. Pili, pigeni simu 112 kuita polisi, na mtafute usafiri wa kwenda hospitali. Tatu, saidieni majeruhi. Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Usimvute mtu ovyo kwa mikono au miguu, maana huenda shingo au uti wa mgongo umeumia. Mhamishe haraka ikiwa tu kuna moto au hatari nyingine kubwa. Usimpe chakula wala maji. Mfunike asipate baridi.

Mali ya majeruhi isiguswe. Anayempekua mtu anayevuja damu anamwibia asiyeweza kujitetea.

Na hapa sikiliza vizuri. Lori la mafuta likianguka, usilikaribie kuchota mafuta. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikwenda na madumu. Wengine walikwenda kutazama tu. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengine siku hiyo hiyo na wengine baadaye hospitalini. Kenya ilipata msiba kama huo Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009. Kongo iliupata Sange, Kivu ya Kusini, Julai 2010. Kila mahali mambo yalikuwa yale yale. Lori lilianguka, watu wakachota, moto ukawaka.

Kwa nini? Petroli hutoa mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautazamwi kwa macho, nao hutambaa chini kama maji. Cheche moja ya pikipiki, sigara au waya wa betri huuwasha, na moto huwafikia watu wote waliosimama ndani ya mvuke. Hakuna anayewahi kukimbia. Ukiona lori la mafuta limeanguka, ondoka, waondoe watoto, na wazuie wengine. Dumu la mafuta halifai kulinganishwa na mtu.

Kijiji kinaweza kufanya nini?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani. Hao ni zaidi ya watu 3,200 kila siku. Zaidi ya nusu walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Yaani watu kama sisi. Huwezi kusema kwamba hii ni bahati mbaya au mkono wa mtu. Ajali ina sababu, na sababu inaweza kuondolewa.

Darasa letu lilipeleka habari hii kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mzee mwenyewe alisimama na magongo yake akaeleza. Hakuna aliyecheka wala aliyetoka nje. Tukapatana mambo manne.

La kwanza, kila kaya ifyeke nyasi kando ya barabara mbele ya eneo lake. Nyasi ndefu huwaficha watoto.

La pili, wauza nyanya na mahindi wasogeze meza zao mbali na lami. Mwanzoni wengine walikataa, wakiogopa kukosa wateja. Tuliwatafutia mahali penye nafasi ya magari kuegesha. Wateja wakawafuata huko.

La tatu, vijana wa bodaboda wachague kiongozi, na wakatae mishikaki kwa umoja wao. Mmoja akikataa peke yake, mwenzake atabeba. Wakikataa wote, hakuna anayepoteza.

La nne, tuandike barua. Nchini Tanzania barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya na za vijijini husimamiwa na TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Tuliandika barua kupitia kwa Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji. Tuliomba kibao cha mwendo, kibao cha watoto karibu na shule, na kivuko. Wanafunzi wa darasa ndio walioiandika. Wengi wao hawakuwa wameandika barua ya serikali maishani mwao. Wote walitia sahihi kwa kalamu, si kwa dole gumba.

Maofisa walikuja, wakapima. Vibao viwili vimesimikwa. Siku ya kwanza, mzee alikwenda hadi kwenye kibao kimoja, akakitazama, akasoma kwa sauti: "Hamsini."

Siku hizi darasa letu huanza saa tisa na nusu, ili kila mtu afike nyumbani jua likiwa bado liko juu. Mzee huja kwa miguu na fimbo yake moja. Hutembea upande wa kulia. Kabla ya kuvuka husimama, na nyuma yake watoto wa shule nao husimama.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mzee alidhani nini alipoziona taa za lori? Kosa lake lilikuwa nini? Kosa la dereva lilikuwa nini?

2. Kwa nini mwenda kwa miguu hukaa kulia na mwendesha baiskeli hukaa kushoto?

3. Kwa nini ni hatari kuvuka mbele ya basi lililosimama?

4. Utamwambia nini jirani anayekimbilia lori la mafuta lililoanguka na dumu mkononi?

Hesabu

1. Gari la kilomita 50 linahitaji mita 28 kusimama. La kilomita 100 linahitaji mita 84. La pili limezidi la kwanza kwa mita ngapi?

2. Dereva wa gari la kilomita 80 anamwona mtu akiwa mita 40 mbele. Anahitaji mita 58. Amepungukiwa mita ngapi?

Kazi ya kufanya

Tembeeni pamoja mchana kando ya barabara ya kijiji chenu. Andikeni mahali patatu penye hatari. Kila mahali andikeni sababu, na jambo moja ambalo kijiji kinaweza kulifanya mwezi huu bila kungoja fedha. Karatasi hiyo mpelekeeni Mwenyekiti wa Kijiji.